Siku Moja ya Kufunga Mizigo

Juma hili tumekusudia kuzungumza habari za mume na mke waliohama nchi yao kwenda kuihubiri Injili ng'ambo. Majina yao ni William na Dorothy Carey. Jina la mume wengi wenu mnalijua, maana halikosekani katika masomo ya historia ya Kanisa, na wako wanaomwita baba wa kazi ya misheni ya nyakati hizi. Jina la mke labda hamjapata kulisikia mimbarini. Na mahali lilipotajwa, mara nyingi limetajwa kwa kulaumiwa: kwamba Bwana Carey alikuwa na mke mzito wa imani, aliyekuwa kikwazo kwake. Sisi tunaona jambo hilo lafaa kutazamwa upya, hasa sasa ambapo makanisa yetu wenyewe yanachagua watu wa kuwatuma mbali na kwao.

Dorothy Plackett alikuwa binti wa kijiji cha Piddington, katikati ya Uingereza, mbali na bahari. Aliolewa na William tarehe 10 Juni 1781. Bwana arusi alikuwa mshona viatu, hajatimiza miaka 20. Bibi arusi alimzidi kwa miaka mitano au sita. Siku ile Dorothy aliandika msalaba katika kitabu cha kanisa badala ya sahihi, kwa kuwa hakujua kuandika. Hilo halikuwa jambo la aibu kwa wasichana wa vijijini siku zile. Walikuwa maskini. Mtoto wao wa kwanza, Ann, alikufa kwa homa angali mdogo sana, na homa hiyo hiyo ilimpata baba yake, ikamtoa nywele. Baadaye walizika binti mwingine, Lucy. Kwa hiyo huyu mama alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili kabla ya mtu ye yote kumtajia nchi ya India.

Sasa tutazame jinsi mume alivyojitayarisha. Alipokuwa angali akishona viatu na kufundisha watoto kule Moulton, alisoma safari za Kapteni Cook katika bahari za kusini, akachora ramani ya dunia na kuibandika ukutani. Juu ya kila nchi aliandika hesabu ya watu wake na dini yao. Alijifunza Kilatini, Kigiriki, Kiebrania, Kiholanzi na Kifaransa, mara nyingi kitabu kikiwa wazi kando ya ngozi na nyundo. Akawa mchungaji wa Wabaptisti, kwanza Moulton, kisha Leicester. Mwaka wa 1792 alitoa kitabu chake kidogo kinachowataka Wakristo wapeleke Injili kwa mataifa, na mwezi wa Mei mwaka huo huo akahubiri kule Nottingham kutoka Isaya 54, pale nabii anaposema habari za kuipanua hema na kurefusha kamba zake. Wahubiri wengi tangu siku hiyo wameyapenda maneno yale. Lakini ukisoma sura hiyo kutoka mwanzo utaona kwamba anayesemeshwa habari za hema ni mwanamke, tena mwanamke mwenye huzuni.

Tarehe 2 Oktoba 1792 wachungaji wachache na rafiki zao walikutana Kettering, katika nyumba ya mama mjane aitwaye Wallis, wakaunda chama cha misheni. Ahadi zao za fedha zilifika paundi 13, shilingi 2 na peni 6, nazo zilitiwa katika kijaluba cha ugoro cha mchungaji Andrew Fuller. Harambee zetu nyingi zimeanza na zaidi ya hapo! Mwezi wa Januari 1793 akaja mbele yao daktari mmoja, John Thomas, aliyekuwa amefanya kazi katika merikebu na kukaa Bengal. Alikuwa anatafuta mwenzi wa kurudi naye huko. Carey akasema atakwenda. Wakakumbatiana, wakalia kwa furaha.

Ndipo Carey akarudi nyumbani kumwambia mkewe.

Tunaomba utue kidogo hapo, ndugu msikilizaji. Mume alikuwa na miaka kama minane ya kuwaza, kusoma, kuomba na kubishana na wenzake juu ya jambo hili. Lilikuwa limeiva moyoni mwake. Mke alilipata likiwa limekwisha kukatwa, na kamati imekwisha kuandika. Hapana shaka alikuwa amesikia maneno mengi ya mumewe juu ya mataifa, maana nyumba yao ilikuwa ndogo na ramani ile ilikuwa ukutani. Lakini kusikia mume akisema habari za mataifa ni jambo moja, na kuambiwa, "Mwezi wa Aprili tunapanda merikebu," ni jambo lingine. Dorothy alikuwa na mimba ya miezi mingi. Alikuwa na wana watatu: Felix, William na Peter, mkubwa ana miaka 7 tu. Safari ya kwenda India kwa tanga ilichukua kama miezi mitano. Tena tarehe 1 Februari mwaka ule Ufaransa ilitangaza vita juu ya Uingereza, na bahari ikajaa manowari.

Akasema hapana. Hata baba yake William inasemekana aliuliza kama mwanawe ameshikwa na wazimu. Lakini baba mzazi hakuandikwa kuwa kikwazo cha Injili, mke aliandikwa.

Mpango ukawa kwamba Carey atangulie na Felix, naye Dorothy abaki Piddington karibu na ndugu zake mpaka ajifungue, na baadaye mumewe aje kumchukua. Mwezi wa Machi kanisa la Leicester likamwaga mchungaji wake, na mwanzoni mwa Aprili wakapanda merikebu iitwayo Oxford. Merikebu haikuondoka. Ilingoja karibu na kisiwa cha Wight ili isafiri pamoja na nyingine kwa ajili ya kujilinda na adui. Wakangoja wiki nyingi. Huko ndiko barua ilikomfikia Carey, kwamba mkewe amejifungua salama mtoto wa kiume. Tarehe 6 Mei akamjibu, akimweleza jinsi anavyotamani wawe pamoja, lakini kwamba wajibu aliopewa umemzidi nguvu.

Mtoto yule aliitwa Jabez. Katika Biblia yetu jina hilo ni Yabesi, nalo liko katika 1 Mambo ya Nyakati 4, ambapo mama amwita mwanawe hivyo kwa kuwa alimzaa kwa huzuni.

Kisha mambo yakageuka. Siku zile Kampuni ya Kiingereza iliyotawala biashara ya India haikuwataka wamisionari, na mtu asiye na kibali chake hakuruhusiwa kufika huko. Carey na Thomas hawakuwa na kibali. Nahodha akapata barua isiyo na jina la mwandishi, ikimwonya kwamba kuna mtu wa namna hiyo katika merikebu yake. Daktari Thomas alikuwa na madeni mengi, na wako waliodhani kwamba barua ile ilitoka kwa wenye kumdai. Basi, Carey, mwanawe na Thomas wakashushwa pwani na mizigo yao, wakaitazama Oxford ikiondoka. Aliyeweza kukata tamaa angekata hapo. Wao wakarudi London, na Thomas akapata habari za merikebu ya Denmaki, Kron Princessa Maria, iliyokuwa ikitarajiwa kupita siku chache zijazo. Hiyo haikuhitaji kibali cha Waingereza.

Ndipo ikaonekana kuna nafasi tena ya kumchukua Dorothy. Wakasafiri kwa gari la farasi usiku kucha, wakafika Piddington asubuhi. Mtoto hajatimiza hata mwezi mmoja. Carey akamsihi mkewe, akakataa. Wakaondoka. Njiani Thomas akasema atarudi peke yake kujaribu mara ya mwisho. Akarudi, akamwambia Dorothy kwamba jamaa yake itatawanyika pengine milele, na kwamba kama hakwenda sasa atajuta siku zote za maisha yake. Thomas mwenyewe ndiye aliyesimulia habari hii baadaye, tena bila aibu, kana kwamba alikuwa amefanya kazi njema. Dorothy akaogopa. Akasema atakwenda, kwa sharti moja: dada yake Catherine, waliyemwita Kitty, afuatane naye. Kitty akapanda ghorofani kuomba, akashuka, akakubali.

Yapata siku moja walifunga mizigo, wakauza vitu vilivyoweza kuuzika, wakaaga ndugu, wakaondoka. Watu wanane, na nauli haikutosha. Thomas na Kitty wakakubali kuandikwa kama watumishi wa wenzao ili nauli ipungue, ingawa nahodha, mtu mwema, aliwatendea wote kama abiria. Tarehe 13 Juni 1793 wakaiacha pwani ya Uingereza. William Carey hakuiona tena mpaka kufa kwake mwaka wa 1834, wala Dorothy hakuiona tena.

Tungependa kuwaambia kwamba baada ya hapo mama huyu alitiwa nguvu, akawa mwimbaji wa zaburi katikati ya shida. Haikuwa hivyo. Walifika Calcutta mwezi wa Novemba. Fedha zikaisha upesi mikononi mwa Thomas. Dorothy na mwanawe mkubwa wakaugua kuhara damu. Mwanzoni mwa 1794 wakahamia Sundarbans, nchi ya vinamasi, chumvi na chui wakubwa wenye milia, wakakaribishwa na Mwingereza aitwaye Charles Short. Kitty akaolewa na Bwana Short huyo. Kwa hiyo Carey alipopata kazi ya kusimamia kiwanda cha nili kule Mudnabati, kaskazini, Kitty alibaki nyuma. Sharti moja ambalo Dorothy aliliweka Piddington halikudumu hata mwaka.

Mwezi wa Oktoba 1794, kule Mudnabati, Peter akafa. Alikuwa na miaka 5. Kwa sababu ya desturi za matabaka ya watu na hofu ya kutiwa najisi na maiti, ilikuwa taabu kupata watu wa kuchimba kaburi na kubeba mwili wa mtoto. Sisi tunajua maana ya jambo hilo. Katika nchi yetu jirani hata asiyekupenda hushika jembe siku ya msiba.

Mwaka uliofuata akili ya Dorothy ikaugua. Alimshtaki mumewe kwa uzinzi ambao haukuwapo, akimfuata njiani na kumpigia kelele mbele ya watu; wakati mwingine ilimbidi afungiwe chumbani kwa usalama wa wengine. Leo tunajua kwamba huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine wo wote, nao una matabibu na dawa. Siku zile hapakuwa na la kumpa. Rafiki walimshauri Carey ampeleke katika nyumba ya wenye wazimu. Akakataa, kwa kuwa nyumba hizo zilikuwa mahali pa mateso. Tumpe heshima yake kwa hilo. Alikaa naye miaka kama 12 katika hali ile, na wenzake waliandika kwamba alikuwa akitafsiri Maandiko huku sauti ya mkewe ikisikika chumba cha pili. Agano Jipya kwa lugha ya Kibengali lilichapwa mwaka wa 1801. Tarehe 8 Desemba 1807 Dorothy alifariki kule Serampore, akiwa na umri wa miaka 51.

Je, kama Dorothy angebaki Piddington angekuwa salama? Hatuwezi kusema, na asiyejua na anyamaze. Wala hatusemi kwamba Carey hakuitwa. Biblia ile ya Kibengali ni ushahidi mkubwa kuliko maneno yetu. Tunachosema ni kwamba kanisa lilitayarisha mtu mmoja na kusafirisha wawili. Wale wachungaji wa Kettering walipima mzigo wa Carey kwa uangalifu. Mzigo wa Dorothy hatuoni mahali walipoupima, na aliyeletwa kuzungumza naye mwishoni alikuwa mtu mwenye haraka ya kuwahi merikebu.

Hapa kwetu pia kuna kaburi linalofaa kukumbukwa. Wengi wenu mmepita upande wa Nyali, ng'ambo ya Mombasa, alipozikwa Rosine Krapf na binti yake mchanga mwezi wa Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika. Rosine alitoka Basel hata Misri, akafunga ndoa na Krapf huko mwaka wa 1842, akiijua kazi aliyokuwa akiiendea. Mwisho wake ulikuwa mchungu, lakini hakuvutwa kwa vitisho.

Tuwape mfano mwingine, wa Marekani. Mwaka wa 1810 kijana Adoniram Judson alitaka kumwoa Ann Hasseltine wa Bradford, mji wa Massachusetts, na kwenda naye nchi za Mashariki. Alimwandikia baba ya msichana barua ya ajabu. Hakumpamba mkwe wake kwa maneno matamu. Alimuuliza waziwazi kama anakubali kuachana na binti yake asimwone tena duniani, kama anakubali apatwe na hatari za bahari, jua kali, upungufu, dharau, na pengine kuuawa. Wazazi wengi wangelichana karatasi lile. Mzee Hasseltine akamwachia binti yake aamue mwenyewe. Ann alikuwa na miaka 20. Alichukua muda wake, akaomba, akaandika mashaka yake katika kitabu chake cha kila siku, akavumilia maneno ya majirani waliosema si heshima mwanamke kwenda nchi za mbali namna ile. Kisha akakubali kwa kinywa chake.

Hata ibada ya kuwaaga ilikuwa na jambo ambalo Dorothy hakulipata. Tarehe 5 Februari 1812, siku Ann alipofunga ndoa, mchungaji Jonathan Allen alihubiri kule Haverhill hotuba iliyowahusu wanawake wawili, Ann na rafiki yake Harriet, mke wa Samuel Newell. Aliwaeleza kazi yao wenyewe: kwamba kule waendako kuna wanawake ambao mmisionari mwanamume hataruhusiwa kuwafikia, nao ndio watakaowafundisha. Kesho yake wanaume waliwekewa mikono kule Salem, na tarehe 19 Februari wale wanne wakasafiri.

Wala msidhani, wapenzi, kwamba kukubali kwa hiari ni kinga. Harriet Newell alikufa mwaka ule ule, katika kisiwa cha Mauritius, akiwa na miaka 19, baada ya mtoto wake mchanga kufa. Ann aliishi miaka 14 tu zaidi. Kati ya miaka hiyo mumewe alifungwa gerezani kule Ava, naye Ann akatembea kwa wakuu wa Burma mmoja mmoja, akimwombea maisha. Tofauti haikuwa katika wingi wa mateso. Ann alipofika kwenye mateso alijua alivyofika hapo.

Leo makanisa yetu ya Kenya yanatuma watu Turkana, Sudani Kusini, na mbali zaidi. Kamati hukaa, mzee husimama na kumsifu ndugu fulani, fomu hujazwa, daktari humpima, harambee huitishwa. Mkewe huketi kiti cha nyuma, akiulizwa mwishoni, "Na mama, wewe unasemaje?" mbele ya watu 40 waliokwisha kupiga makofi. Atasema nini hapo? Labda ni mwalimu na ataiacha kazi ya serikali. Labda mama yake mzazi ni mgonjwa na yeye ndiye binti wa pekee. Labda anajua jambo juu ya nyumba yao ambalo kamati haikulifikiria. Tungependa kuona wazee wakimtembelea huyo mama nyumbani kwake, wawepo na akina mama wazima wenye busara, waketi, wanywe chai, wamsikilize siku moja, warudi tena siku nyingine. Na akisema hapana, neno lake liandikwe katika daftari la kamati kwa uzito ule ule wa ndiyo ya mumewe. Akila na Prisila katika Matendo ya Mitume hutajwa pamoja kila mara, na mara nyingi mke hutangulia.

Sasa tumalize habari ya akina Judson, kwa kuwa inaturudisha kwa Dorothy. Walifika Calcutta mwezi wa Juni 1812, wakapelekwa Serampore, wakalala katika nyumba za misheni za Carey, karibu miaka mitano baada ya Dorothy kuzikwa. Kampuni ikawafukuza India. Wakahangaika baharini hata Mauritius, kisha Madras, na hatimaye tarehe 13 Julai 1813 wakafika Rangoon, nchi ya Burma, ambayo leo huitwa Myanmar. Safarini Ann alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Hakuweza kutembea, watu wa nchi wakambeba kwa kiti kutoka pwani mpaka nyumba ya misheni. Nyumba hiyo ilikuwa ya Felix Carey, mwana mkubwa wa Dorothy, yule aliyechukuliwa na baba yake katika merikebu ya kwanza akiwa na miaka 7. Siku ile Felix hakuwapo, alikuwa ameitwa Ava kwa mfalme. Mkewe ndiye aliyetoka mlangoni na kumpokea mgonjwa.